Frances Ridley Havergal: Wimbo Uliomdai Mtunzi Wake

Hakuna mwanakwaya miongoni mwetu asiyeujua ule wimbo wa kujitoa unaomsihi Bwana autwae uzima wetu, kisha mikono, miguu, sauti, fedha na moyo. Umo katika Tenzi za Rohoni. Tumeuimba wakati wa sadaka, siku za kipaimara, siku za kuwekwa wakfu watumishi, na hata mazishini. Wengi wetu hatuhitaji kitabu. Hapo ndipo penye hatari, maana wimbo ukishakaa kichwani, mdomo huuimba huku akili imekwenda kupika chai ya wageni. Kwa sababu hiyo ni vyema, katika sikukuu hii ya jubilii, tumkumbuke dada aliyeutunga. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji, tena mwimbaji hodari, na wimbo wake ulikuja kumdai mambo ambayo hakuyafikiria usiku ule alipouandika.

Frances Ridley Havergal alizaliwa tarehe 14 Disemba 1836 katika kijiji cha Astley, Worcestershire, Uingereza, kitinda mimba wa watoto sita. Jina la Ridley alilipata kwa baba yake wa ubatizo, naye alipenda kukumbuka kwamba ni jina la Askofu Nicholas Ridley, aliyechomwa moto Oxford mwaka 1555 kwa ajili ya imani yake. Baba mzazi, William Henry Havergal, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Miaka michache kabla ya Frances kuzaliwa, mzee huyu alianguka kutoka garini, akaumia vibaya, akashindwa na kazi ya kanisa kwa muda mrefu. Katika kukaa kwake bila kazi alijitia katika muziki wa ibada, akatunga tenzi nyingi ambazo makanisa yanazitumia hadi leo. Mtoto alikulia basi katika nyumba ya sala na piano. Alisoma Biblia akiwa na miaka minne, na kufikia saba alikuwa anaandika mashairi. Hakujua kutulia; baba yake alimwita zebaki, ile madini isiyoshikika mkononi.

Mama yake alifariki mwaka 1848, Frances akiwa na miaka kumi na mmoja. Kabla ya kufa alimwambia binti yake amwombe Mungu amtayarishe kwa yote ambayo Mungu anamtayarishia. Mtoto hakutaka kuyasikia maneno hayo, kwa kuwa hakutaka kukubali kwamba mama anakwenda. Aliyakumbuka maisha yake yote.

Mtu angetazamia kwamba binti wa kasisi, aliyelelewa hivyo, angeamini bila shida. Haikuwa hivyo. Kwa miaka kadhaa alimtafuta Mungu kwa machozi, akaogopa kwamba hajasamehewa, na hakumwambia mtu. Mapema mwaka 1851 mwanamke mmoja rafiki wa familia, Caroline Cooke, ambaye baadaye alikuja kuwa mama yake wa kambo, alimuuliza kwa nini asijikabidhi kwa Yesu wakati uleule badala ya kungoja. Alipanda mbio hadi chumbani, akapiga magoti, akajikabidhi. Mwaka uliofuata alikwenda Ujerumani, akasoma katika shule ya wasichana ya Düsseldorf. Wanafunzi walikuwa zaidi ya mia moja, na kwa kadiri alivyoona hakuna mwingine aliyejali mambo ya dini. Hata hivyo alimaliza akiwa wa kwanza darasani. Baadaye alijifunza Kiebrania na Kigiriki, na akahifadhi kichwani Agano Jipya lote, Zaburi na Isaya. Sisi tunaolalamika kuhifadhi beti nne za wimbo wa mashindano, tulione hilo.

Sasa tufike msalabani, maana ndipo kalamu yake ilipoanza kazi. Akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1850, aliandika beti ambazo Kristo mwenyewe ndiye anayesema ndani yake: anamweleza mwanadamu alivyomtolea uhai wake msalabani, kisha anamuuliza yeye ametoa nini. Aliandika kwa penseli, kwa dakika chache, nyuma ya karatasi ya tangazo. Alipozisoma aliona kwamba hilo si shairi la maana, akanyoosha mkono atupe karatasi motoni. Kitu fulani kilimzuia. Akairudisha imekunjamana na kuungua pembeni, akaitia mfukoni. Muda mfupi baadaye alikwenda kumtembelea bibi kizee mmoja katika nyumba ya maskini, bibi aliyekuwa akimzungumza Mwokozi kila alipofikiwa na mgeni. Frances akaona amjaribu na zile beti, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angezijali. Bibi alifurahi mno. Frances aliporudi nyumbani alinakili vizuri, na baba yake akazitungia sauti. Ni mojawapo ya nyimbo zake zinazojulikana zaidi hadi sasa.

Tungetaka kusimulia kwamba aliyeandika hivyo alikuwa amekwisha kuufahamu msalaba. Yeye alikataa sifa hiyo. Alikiri baadaye kwamba siku zile hakuelewa hata nusu ya alichoandika. Alikuwa akimfuata Yesu kwa mbali, amejaa shaka na hofu. Swali la wimbo wake lilimchoma yeye mwenyewe. Kristo ametoa vyote, na mimi nimetoa nini? Kwa miaka kumi na zaidi alilichukua swali hilo kama mtu anayedaiwa dukani: kila akilipa kidogo, anaona deni bado limesimama palepale. Wangapi katika safu zetu, soprano hadi besi, tunaimba nyimbo za Ijumaa Kuu kwa roho ya namna hiyo?

Wakati huohuo kipawa chake kilizidi kupanda. Alikuwa na sauti nzuri ya alto, na kwa miaka kadhaa alipokuwa akiishi kwa dada yake na kuwafundisha watoto wa nyumba ile, aliimba katika chama cha waimbaji cha mji wa Kidderminster, akipewa sehemu za kuimba peke yake. Kwenye piano alipiga kazi ndefu za Handel, Beethoven na Mendelssohn bila kutazama noti. Akiwa tena Ujerumani katika miaka ya 1860 alimwonyesha mwanamuziki mashuhuri Ferdinand Hiller, huko Cologne, nyimbo alizotunga. Hiller alizisifu na kumwambia kwamba angeweza kuufanya muziki kuwa kazi ya maisha. Mwimbaji yeyote anajua makofi ya watu yanavyonoga. Mlango ulikuwa wazi mbele ya binti huyu, na ulikuwa mlango wa halali kabisa.

Baba alifariki wakati wa Pasaka ya mwaka 1870. Frances alikaa chini kuzipanga sauti za ibada alizoziacha mzee, zikachapishwa. Kazi ya kumalizia daftari la marehemu si kazi ndogo, hasa unapoyajua maandishi ya mkono wake.

Disemba 1873, majira ya Majilio, alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, karibu thelathini na saba. Aliletewa kijitabu kidogo kilichohusu kumtolea Yesu vyote. Kilimgusa, akamwandikia mtu aliyekituma kutaka kujua zaidi, na jibu alilopewa likamrudisha kwenye waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 1, aya ya 7, panaposemwa kwamba damu ya Yesu inatusafisha dhambi yote. Aya hiyo alikuwa ameijua tangu utotoni. Jipya alilooliona ni neno dogo la wakati: inasafisha, sasa, na inaendelea. Haikusemwa kwamba ilisafisha siku moja kisha ikatuachia sisi kazi ya kubaki safi. Akaelewa kwamba msalaba si hati ya madai aliyobandikiwa mlangoni. Deni limelipwa na linabaki limelipwa. Basi anachompa Bwana hakiwezi kuwa malipo, kwa sababu hakuna kinachodaiwa. Ni zawadi ya mtu aliyependwa. Kuanzia siku ile hofu yake ya zamani ilipungua nguvu, na wale walioishi naye waliona.

Tunasema mara nyingi kanisani kwamba mtu akijitoa atajaribiwa. Kwake haikuchukua hata miezi miwili. Mapema mwaka 1874 alikuwa anangoja barua kutoka Marekani, yenye fedha za vitabu vyake na habari za mauzo mapya. Barua ilifika. Ilisema mchapishaji wake amefilisika katika lile anguko kubwa la biashara, na kwa kuwa Frances alikuwa ameahidi kwa maandishi kutochapisha kwa mtu mwingine huko, matumaini yake yote ya Marekani yalikwisha pamoja naye. Fedha, jina, nafasi ya kusomwa na maelfu, vyote. Alikiri kwamba kabla ya Majilio yale jambo hilo lingemuumiza kweli. Sasa alishangaa kujikuta ana amani, na hata akashukuru kupata nafasi ya kuona kama alichokisema magotini alikimaanisha.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari 1874, alialikwa kukaa siku tano katika nyumba iitwayo Areley House. Ndani ya nyumba mlikuwa na watu kumi. Baadhi hawakuwa wameokoka, ingawa walikuwa wameombewa kwa muda mrefu. Wengine walikuwa Wakristo wasio na furaha yoyote. Frances alimwomba Mungu ampe wote waliokuwamo, asibaki hata mmoja. Kabla hajaondoka, kila mmoja alikuwa amebarikiwa. Usiku wa mwisho, tayari amekwisha kwenda kulala, mlezi wa watoto alikuja kumwita awaone mabinti wawili wa nyumba hiyo waliokuwa wakilia. Nao wakamwamini Kristo usiku uleule. Ilikuwa karibu usiku wa manane.

Aliporudi chumbani usingizi haukuja kwa furaha. Alikesha akimsifu Mungu na kujitoa upya, na katika kujitoa huko mistari miwilimiwili ikaanza kujipanga moyoni mwake, mmoja baada ya mwingine, hadi ule wa mwisho unaomtoa mtu mzima kwa Bwana peke yake na milele. Huo ndio wimbo wetu. Haukuandikwa kwenye meza ya mtunzi wala kwa ajili ya kitabu. Ulikuwa sala ya mtu aliyekosa usingizi. Yeye aliuimba kwa sauti iitwayo Patmos, aliyoitunga baba yake, na jamaa zake walipenda uimbwe hivyo, ingawa makanisa mengi yameuvalisha sauti nyingine.

Pale wimbo unapomwomba Bwana aitwae sauti, mtunzi alishika maneno yake vilivyo. Aliamua kwamba hataimba tena ila kwa ajili ya Mfalme. Wenyeji wake wa karamu walipomwomba awaburudishe wageni, alikwenda kwenye piano bila ubishi na bila kuhubiri, akaimba habari za Yesu, na ukumbi ukanyamaza. Wengine watasema alizidisha, kwamba nyimbo za kawaida za furaha si dhambi. Ni kweli si dhambi, na hatukuandika haya ili kuzizima simu za mtu yeyote. Yeye hakuwatungia wengine sheria. Alikuwa anashughulika na sauti moja tu, yake mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1874 alishikwa na homa kali ya matumbo, akakaribia kufa, na ilipita miezi mingi kabla ya kurudiwa na nguvu. Halafu likaja jambo ambalo walimu wa kwaya watalielewa kuliko wote. Mwaka 1876 alikuwa amemaliza kuandaa sehemu ya muziki ya kitabu kikubwa cha nyimbo za ibada. Kazi ilikuwa ya miezi: kupanga sauti nne, kusahihisha noti moja moja, kupima kila wimbo na maneno yake. Alipeleka yote kwa mchapishaji. Muda mfupi baadaye moto ulizuka katika kiwanda cha uchapaji, ukateketeza mabamba na karatasi zote. Hakuwa na nakala. Kama umewahi kupoteza daftari lako la tonik solfa katika matatu, zidisha uchungu ule mara mia. Frances aliliona jambo hilo kama zoezi ambalo mwalimu amemrudishia mwanafunzi alifanye tena kwa uangalifu zaidi, akachukua karatasi safi, akaanza na wimbo wa kwanza.

Lakini palikuwa na mistari miwili aliyokuwa ameiimba miaka minne bila kuilipia. Inahusu fedha na dhahabu. Mwezi wa Agosti 1878, mwaka ambao mama yake wa kambo alifariki na nyumba yao ya Leamington ikavunjwa, aliyatazama mapambo yake: pete, mikufu, vikuku, na sanduku la vito zuri kiasi cha kumfaa mke wa mtawala. Mengi yalikuwa zawadi, mengine yametoka kwa jamaa. Alikuwa akitoa sadaka siku zote na hakuna aliyemlaumu. Ila neno alilokuwa akiwaimbisha watu lilisema hata chembe asiizuie. Akafunga vitu karibu hamsini, na sanduku lake, akavipeleka makao ya Church Missionary Society vikauzwe kwa kazi ya Injili. Alibakiza bruchi moja mbili za kuvaa kila siku, ambazo ni kumbukumbu ya wazazi wake, na kidani chenye picha ya mpwa wake. Hata hivyo alivifanyia hesabu ya thamani yake na kutoa fedha badala yake. Aliwaandikia rafiki zake kwamba hajawahi kufunga sanduku kwa furaha kama ile.

Chama hicho sisi wa Kenya tunakifahamu. Ndicho kilichomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika huko mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huohuo. Ndicho kilichoanzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani, pale ambapo kengele yao inatazamwa hadi leo na wapitao njia ya Nyali. Fedha za chama huingia kapu moja, na pete haiachi alama inakokwenda. Lakini wakati dada huyu anafunga sanduku lake huko Uingereza, kazi ya pwani yetu ilikuwa mojawapo ya kazi zilizokuwa zikisubiri sadaka za namna hiyo.

Katika miaka hiyo pia aliandika kitabu cha kuueleza wimbo wake mstari kwa mstari. Humo aliligeuza ombi: baada ya kumsihi Bwana atwae, alimsihi atunze alichokitwaa, maana alikuwa amejifunza kwamba mkono unaotoa leo unaweza kurudi kesho kuchukua. Aliandikiana barua na Fanny Crosby wa Marekani, mtunzi kipofu tunayemwimba karibu kila Jumapili, ingawa hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Oktoba 1878 alihamia na dada yake Maria katika ghuba ya Caswell, karibu na Swansea, nchi ya Wales. Hapo alipenda bahari na watu wake. Mwezi wa Mei 1879 alitoka kwenda kukutana na wanaume na vijana wa kijiji kuzungumza nao juu ya kuacha pombe. Upepo ulikuwa mkali, mvua ikanyesha. Njiani alipanda punda, na kijana aliyemwongoza punda yule akahubiriwa njia nzima. Alirudi nyumbani amelowa na anatetemeka. Baridi ikawa homa, homa ikashuka tumboni, na maumivu yakawa makali mno.

Tarehe 3 Juni, Jumanne baada ya Pentekoste, daktari alimwarifu kwamba huenda siku hiyo ndiyo ya kuondoka. Alizipokea kama habari njema kupita kiasi. Ndugu zake walikuwa wamezunguka kitanda. Alikuwa ameimba kwa sauti dhaifu lakini sahihi wimbo wa kumtumainia Yesu, kwa sauti aliyoitunga mwenyewe. Mwishoni kabisa, baada ya maumivu kupita, alitazama juu kana kwamba amemwona mtu, uso ukang'aa, akajaribu kuimba tena. Ikatoka noti moja ya juu. Iliyofuata haikutoka. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Walimrudisha Astley, wakamzika kando ya baba yake katika uwanja wa kanisa alilobatiziwa. Juu ya jiwe waliandika, kama alivyotaka mwenyewe, aya ile ya Yohana iliyomfungua katika Majilio ya 1873.